Mstari Ulioota Tumbo

Kama umewahi kupita kando ya uwanja wa mpira Jumamosi asubuhi ukaona mwanamke anatembea kinyumenyume, kopo mkononi, mgongo mbele, akiwafokea watu asiowaona wasimkanyagie kazi yake, basi huyo ndiye Mama Chokaa. Kazi yake ni kuchora mistari. Mistari yote: ya pembeni, ya golini, ya katikati, na lile duara, ambalo hulichora akiwa amefumba jicho moja kwa sababu anazozijua mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini hatembei kama binadamu wengine, atakujibu kwamba anayechora akitazama mbele huuona mwisho mapema, na akishauona mwisho, mkono huingiwa na haraka. Jibu hilo limewanyamazisha watu wengi. Mimi bado nalitafakari.

Zana zake ni chache. Ana kopo la rangi lililotobolewa matundu chini kwa msumari, ana vigingi, na ana kamba ndefu ambayo haruhusiwi mtu yeyote kuanikia nguo, hata awe ameloa chapachapa. Chokaa huichekecha mwenyewe kwa chekeche ya unga. Ndiyo, chekeche ile ile ya jikoni, na mumewe ameshaacha kuuliza kwa nini uji wa nyumbani kwake una ladha ya ukuta.

Sasa, mtu anayenyoosha mistari kwa kazi hawezi kuacha kunyoosha akifika nyumbani. Nguo za Mama Chokaa hupangwa kambani kwa urefu, kuanzia shuka hadi soksi. Viatu vya wageni mlangoni huvipanga visigino sawa, mpaka wageni wakitoka hudhani wamefika dukani. Siku mchumba wa binti yake alipokuja kujitambulisha, kijana wa watu, shati jipya, jasho jipya, Mama Chokaa alimtazama kuanzia juu hadi chini akasema, “Baba, hebu rudi nje kwanza. Umefunga vifungo upande.” Kijana akarudi nje, akafungua, akafunga upya, akabisha hodi mara ya pili. Hapo akapokewa kwa bashasha kama vile ndiyo kwanza anafika.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshinda kunyoosha, nacho kilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mumewe ni fundi cherehani. Siku za kazi hupima viuno vya watu, na mwisho wa wiki huchezesha mpira, kwa hiyo mtaa mzima humwita Refa, hata wateja waliokuja kupunguza suruali. Kaka yake Mama Chokaa ni seremala, na enzi zake alikuwa beki. Walimwita Kisiki, kwa kuwa washambuliaji walikuwa hawampiti, walikuwa wanajikwaa. Refa na Kisiki hawakuwa wamesemezana tangu siku aliyozaliwa binti wa Mama Chokaa. Kusema kweli, ugomvi ule na binti yule ni mapacha. Tofauti ni kwamba binti alikua akapata akili.

Nyumba ikajipanga kufuata ugomvi. Refa alitumia mlango wa mbele, Kisiki mlango wa nyuma. Kisiki akija kumjulia hali dada yake aligonga dirisha la jikoni, na Refa akisikia tu ule mlio wa kidole kwenye kioo, alikunja gazeti akahamia barazani kana kwamba ndani kumeingia moshi. Chakula cha Jumapili kilipikwa katika sufuria mbili. Moja ilikwenda sebuleni, nyingine ikabaki jikoni, na Mama Chokaa alikula amesimama kwenye korido, tonge moja akitazama huku, tonge la pili akitazama kule, asije akaambiwa ana upande. Alikuwa amekula amesimama muda mrefu kiasi kwamba akikalishwa kwenye kiti mbele ya sahani alijihisi mgeni. Nao wanaume hawakutajana. Refa alisema “huyo kaka yako.” Kisiki alisema “huyo mumeo.” Neno shemeji lilikuwa limekufa katika nyumba ile, na hakuna aliyelifanyia hata matanga.

Chanzo kilikuwa penalti. Usicheke. Watu wamegombania mambo madogo kuliko hilo.

Ilikuwa fainali. Kabla ya hapo uwanja ulikuwa ukichorwa kwa unga wa mbao kutoka karakana ya Kisiki, na upepo ukivuma, mechi iliendelea kwa watu kukumbuka mstari ulikuwa wapi. Kwa ajili ya fainali ile wakubwa wa timu waliona haya, wakaleta chokaa ya kweli, magunia kwa magunia. Asubuhi Mama Chokaa aliuchora uwanja mzima huku mimba yake imefika ukingoni. Alipomaliza mstari wa mwisho, ule wa mbele wa boksi la upande wa mtelemko, aliweka kopo chini, akajipangusa mikono, akasema kwa utulivu kwamba anaomba kupelekwa hospitali. Kwa hiyo mechi yenyewe hakuiona. Ameisikia tu, kutoka vinywa viwili, mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake.

Dakika za mwisho Kisiki alimkwatua mshambuliaji. Hilo halina ubishi. Kisiki mwenyewe hukiri, tena kwa fahari, kwamba alimkwatua vizuri. Ubishi ni wapi. Refa alikuwa amesimama kwenye kona ya boksi, akapiga jicho kutoka kona hii hadi kona ile, akaona faulo imetokea ndani ya kumi na nane. Akapuliza penalti. Kisiki alikuwa palepale penye tukio, kichwa ameinamisha, akaiona chokaa kwa macho yake mawili iko nyuma yake, kati yake na goli. Maana yake walikuwa nje. Penalti ikapigwa, ikaingia, timu ya Kisiki ikapoteza kombe, uwanja ukageuka vurugu, na kabla ya mtu kwenda kukagua mstari, miguu ya watu ikaupiga ukazama, na mvua kubwa ikamalizia kazi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye ugonjwa. Wawili hao walikubaliana jambo moja tu duniani, kwamba mstari wa Mama Chokaa ulikuwa umenyooka. Refa aliapa kwa mstari wa mke wake. Kisiki aliapa kwa mstari wa dada yake. Na kama mstari ulinyooka, basi mmoja wao hakukosea, amedanganya. Kukosea kunasameheka, refa hukosea na beki hukosea. Lakini mwongo, tena wa ndani ya familia, utakaa naye vipi ukampitishia chumvi?

Jioni ile walifika wodini wote wawili, Refa mdomo umepasuka, Kisiki jicho limevimba kama andazi. Wakampokea mtoto kwa zamu. Mmoja alipombeba, mwingine alisoma tangazo la chanjo ukutani, na walilisoma sana.

Baada ya balaa hilo, magoli yaling’olewa na uwanja ukageuzwa ukaelekea upande mwingine. Lile boksi la mtelemkoni likabaki nje, kipande cha changarawe kisichofaa kulimwa wala kujengwa, kikiachiwa mbuzi wa jirani. Wahenga wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali walipigana, nyasi zikapewa likizo.

Binti naye akakua. Alipokuwa mdogo alikuwa anakula udongo, na alifinywa sana kwa sababu hiyo. Akaenda shule, akasomea udongo, na sasa analipwa kuuchunguza, wakati mwingine bado kwa ulimi. Mwaka huu alirudi nyumbani na habari kwamba anaolewa na yule kijana wa vifungo. Mama Chokaa alipiga vigelegele mpaka kuku wa mtaa wa pili wakatawanyika. Kisha binti akatoa sharti.

“Baba na Mjomba wakae chini ya turubai moja,” alisema. “Siwezi kuolewa huku nimegawanyika kama uwanja. Wasipokaa pamoja, harusi haipo.”

Refa alisema yeye hana tatizo, huyo kaka yako aombe radhi tu. Kisiki, dirishani, alisema yeye hana tatizo, huyo mumeo aseme ukweli tu. Mama Chokaa alizunguka baina yao siku kadhaa akibeba maneno kama mpira uliotoboka, haufiki popote. Mwisho akaamua liwalo na liwe, akatangaza maturubai mawili yaliyokaribiana, na bibi harusi atakaa katikati.

“Katikati ya maturubai? Juani?” binti aliuliza.

“Utashika mwavuli.”

“Mama!”

“Utakuwa mwavuli mzuri.”

Lakini alipokuwa peke yake hakuwa na mzaha. Binti yake huwa hatishii, husema na kutenda. Na yeye mwenyewe alichokitaka hakikuwa kikubwa. Hakutaka kombe, hakutaka mtu aombe radhi. Alitaka kukaa kitako, kaka upande mmoja na mume upande mwingine, ale chakula kikiwa bado cha moto.

Mahali pekee palipotosha kusimamisha maturubai mawili ni kule kwenye boksi la zamani. Asubuhi moja akabeba fyekeo, akamchukua na binti, wakaenda kufyeka. Nyasi zilikuwa zimesimama kuliko kawaida, kwa kuwa jirani alikuwa ameuza mbuzi wake wote. Mama Chokaa akainua fyekeo, akashusha mara moja, akainua tena, na hapo binti akapiga ukelele akajirusha chini kifudifudi.

“Nyoka?” Mama Chokaa aliruka.

“Okidi!”

“Anauma?”

“Ni ua, mama! Usisogee! Usikanyage! Usipumue!”

Mama Chokaa akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, fyekeo likiwa juu, akatazama chini. Yalikuwa maua mafupi, rangi ya maziwa, na kila moja lilikuwa na mdomo wa chini uliochomoza, wenye madoa ya zambarau, kama mtoto anayekutolea ulimi. Yalikuwa mengi. Yote yalimtolea ulimi yeye.

“Hii ni okidi ya porini,” binti alisema, kidevu kikiwa kwenye changarawe. “Watu wanapanda milima kuitafuta hawaioni. Haikubali bustani. Ukiipa mbolea, inakufa. Ukiipalilia kwa jembe, inakufa. Ukiihurumia ukaimwagilia maji kila siku, inakufa.”

“Sasa inataka nini?”

“Inataka udongo wenye njaa. Udongo mwembamba wa changarawe, unaopitisha maji, usiowahi kuguswa na jembe. Mbegu yake ni vumbi, haina akiba ya chakula hata chembe. Inakaa humo chini ikisubiri kuvu wa udongoni aje ailishe, na kuvu huyo ukimletea samadi anatoweka. Inaweza kukaa miaka na miaka hivyo, ndipo itoe ua.”

Mama Chokaa alifikiri. “Kwa hiyo ni mvivu, analishwa na mwingine, na ukimgusa kidogo anazimia. Namjua mtu wa namna hiyo. Anashona suruali.”

Binti hakumsikia. Alikuwa amebana udongo kidogo kwa vidole, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Akatema. Akaonja mwingine kutoka pembeni, akakunja uso. “Ajabu. Udongo wa mji mzima huu ni mchachu, na okidi hii haipatani na uchachu. Huu wa hapo pembeni nao ni mchachu. Lakini huu wa kwenye maua una chokaa, tena imeshiba. Nani alimwaga chokaa huku?”

Mama Chokaa alikuwa ameshusha mguu, amerudi nyuma hatua chache, kinyumenyume kama kawaida yake, na sasa alikuwa anayatazama maua kwa jicho la kazi. Hayakuota ovyo. Yalikuwa yamejipanga. Yalianza mahali ambapo zamani palikuwa na kona ya boksi, yakaja yamenyooka vizuri, kazi safi, mtu angeweza kuweka rula. Kisha, katikati, yakaiacha njia. Yakapinda kuelekea lilipokuwa goli, yakazunguka, yakanenepa hapo kuliko popote, ndipo yakarudi taratibu kwenye njia yake na kunyooka hadi kona ya pili.

Mstari ulikuwa umeota tumbo.

Na Mama Chokaa akakumbuka. Asubuhi ile ya fainali kamba yake ilikuwa imechukuliwa kufungia wavu wa goli. Akajisemea, kamba ya nini, jicho langu ndilo kamba. Akaanza kurudi kinyumenyume na kopo lake. Katikati ya mstari kitu kikamkamata kiunoni. Alidhani ni maharage ya jana. Kikamkamata tena, akajikunja, akalikumbatia kopo, lakini miguu haikusimama, kwa kuwa mstari haukatizwi. Akaendelea kurudi nyuma huku mkono ukilitikisa kopo bila kujua kuacha, chokaa ikimwagika mabonge kwa mabonge. Maumivu yalipomwachia, akamalizia. Mtu anayetembea kinyumenyume huuona mstari wake wote, ndiyo sifa ya mtindo huo. Ila yeye kwa kipande kile alikuwa amefumba macho.

“Nakwenda kuleta kamera,” binti alisema akiinuka mbiombio. “Na vipimo. Mama, ukiona mbuzi, mfukuze. Ukiona mtu, mfukuze. Nitarudi sasa hivi.”

Mama Chokaa akabaki peke yake na fyekeo.

Nisiseme uongo, mkono ulimwasha. Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya mstari ulionyooka. Alikuwa amewacheka wenzake waliochora mistari ya nyoka. Alikuwa amemrudisha mkwe nje kwa ajili ya kifungo. Kufyeka mara tatu tu, na hakuna ambaye angejua, angesema fyekeo liliteleza. Lakini akili yake, iliyozoea kusikiliza kesi ile kutoka pande mbili, ilikuwa tayari imepiga hesabu. Aliyesimama kwenye kona akatazama kona kwa kona, angemwona Kisiki yuko ndani. Aliyesimama katikati akatazama miguuni, angeiona chokaa imeingia ndani, naye yuko nje. Hakuna mwongo. Hajawahi kuwapo mwongo. Kulikuwa na mstari uliopinda, basi.

Aliyatazama maua. Maua yakamtolea ulimi. “Haya, haya,” aliyaambia, “nimesikia.” Akalitupa fyekeo mbali kichakani, kwa sababu alikuwa anajijua.

Binti aliporudi, alimkuta mama yake ameketi juu ya jiwe, ameshika simu. Alikuwa amempigia Refa, akamwambia aje na futi yake. Kisha akampigia Kisiki, akamwambia aje na futi yake. Hakumwambia yeyote kwamba mwenzake naye ameitwa.

Refa alifika kwanza, futi ya kitambaa ikiwa shingoni, sindano mbili kwenye kola. Kisiki akafika kwa upande wa pili, futi ya chuma kiunoni, penseli sikioni. Walipoonana, wote wawili waligeuka kuondoka kwa wakati mmoja, na ilipendeza kama gwaride.

“Atakayeondoka,” alisema Mama Chokaa, “asije akala chakula changu tena. Si sebuleni, si jikoni.”

Wakageuka tena.

“Kila mtu asimame alipokuwa amesimama siku ile.”

Hakukuwa na haja ya kuwaonyesha. Refa alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona, akapanua miguu, akainamisha mwili. Kisiki akaenda mahali pake, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasogea kidogo, akainamisha kichwa. Ungedhani mpira umesimama dakika moja tu ili mtu afunge kamba za viatu. Binti alikuwa akipiga kelele wasikanyage maua, nao, kwa mara ya kwanza, walimtii mtu.

“Refa,” alisema Mama Chokaa, “tazama kona hadi kona. Kaka yuko wapi?”

“Ndani!” Refa alisema. “Si nilisema? Ndani kabisa!”

“Kaka, tazama miguuni. Mstari uko wapi?”

“Nyuma yangu!” Kisiki alisema. “Niko nje! Si nilisema?”

Refa akaanza kuyafuata maua kwa macho, polepole, kutoka kona hadi kona. Kisiki akafanya vilevile akitokea katikati. Macho yao yakakutana kwenye tumbo la mstari. Refa akavuta futi yake ya kitambaa, Kisiki akafyatua yake ya chuma, wakapiga magoti bila kusemezana, wakapima. Mmoja akataja kipimo chake kwa sauti, akimwambia ua. Mwingine akataja kipimo kingine, akimwambia ua jingine. Vipimo havikulingana, wakasogea kupima upya, vichwa vikagongana ko!

“Mke wangu,” Refa alisema akisugua paji la uso, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, “mstari wako umepinda.”

“Haiwezekani!” Kisiki alifoka, na hapo alisahau kwamba hasemi na mtu yule. “Dada yangu hajawahi kupinda mstari! Labda maua ndiyo yamekosea!”

“Mjomba, maua hayakosei,” binti alisema kutoka chini. “Yamefuata chokaa.”

Wote wakamtazama Mama Chokaa. Akakohoa. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu, yote yakayeyuka.

“Nilidhani ni maharage,” alisema.

“Maharage?”

“Yalinishika hapo.” Akanyoosha kidole mahali mstari ulipoanza kupinda. “Nikajikunja. Nikafumba macho. Yakaniachia pale.” Akaonyesha mahali uliporudi kunyooka. “Jioni nikagundua maharage yenyewe ni huyu.”

Kidole kikahama kutoka kwenye maua kikamwelekea binti, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye changarawe na kamera yake, udongo mdomoni. Wanaume wawili wakageuza shingo taratibu, wakamkodolea macho bibi harusi.

“Kumbe ni wewe,” Kisiki alisema.

“Nimekubeba mgongoni,” Refa alisema. “Nimekupeleka shule. Wewe!”

“Mimi nilikuwa bado sijazaliwa!” binti alijitetea.

“Ndiyo hivyo hivyo!”

Mama Chokaa alikuwa wa kwanza kucheka, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na alitaka kuyawahi. Kisiki akafuata, akicheka kwa mabega kama maseremala wachekavyo. Refa hakucheka. Alikuwa ameitoa filimbi yake mfukoni, anaigeuzageuza.

“Basi haikuwa penalti,” alisema.

“Wala haikuwa nje,” Kisiki alisema.

“Sasa ilikuwa nini?”

“Ilikuwa mtoto,” alisema Mama Chokaa.

Refa akairudisha filimbi mfukoni. Akajikung’uta magoti, akamsogelea Kisiki, akamchungulia usoni kama anayetafuta doa kwenye shati.

“Shemeji,” alisema, “lile jicho lilipona?”

Kisiki akaligusa jicho lake. “Lilipona, shemeji. Mdomo je?”

“Mdomo ulipona.”

Ikawa hivyo tu. Miaka yote ile, na ugonjwa wenyewe ukatibiwa kwa kuulizana hali.

Turubai halikuwekwa pale, binti alikataa katakata hata watu kupita karibu wakiwa na viatu vizito. Liliwekwa upande wa pili wa uwanja, turubai moja, na Kisiki ndiye aliyechimbia nguzo huku Refa akimwambia zimekaa upande. Kuzunguka okidi Mama Chokaa aliweka vigingi na ile kamba yake tukufu, akakatisha tamaa kila aliyekuja na ndoo ya maji au debe la samadi kwa nia njema. “Usimsaidie,” alikuwa anawaambia. “Huyo anaishi kwa kuachwa.” Mtaani, bila shaka, hawakumwacha yeye. Hadi leo mstari ukiyumba hata unywele mmoja, wachezaji humuuliza una miezi mingapi.

Jumapili ya kwanza baada ya siku ile, Mama Chokaa alikuwa jikoni aliposikia mlio wa kidole kwenye kioo cha dirisha. Kisiki alikuwa amekuja kwa njia yake ya mazoea, amesimama karibu na pipa la taka, amevaa shati la kutokea.

“Zunguka mbele, kaka,” alimwambia. “Huku hakuna kitu. Sufuria ni moja.”

Akamsikia akizunguka nyumba, akasikia hodi, akasikia Refa akiinuka kufungua. Kabla hata ya salamu kwisha walikuwa wameanza kubishana tumbo la mstari lilikuwa na kina gani, futi ya kitambaa inasema hivi, futi ya chuma inasema vile, kitambaa huvutika, chuma hudanganya kwenye jua. Mama Chokaa akaibeba sufuria hadi sebuleni. Sahani zilikuwa zimepangwa na Refa, kwa hiyo hazikupangwa. Vijiko vilielekea kila upande, na meza yenyewe ilikuwa imekaa mshazari, mguu mmoja juu ya mkeka. Aliyaona yote hayo. Akayaacha yalivyo, akavuta kiti katikati yao, akakaa.